Ng'ombe wa Litiamu

Ng'ombe wa mwisho wa mahari ya binti yangu alikuja kwa pikipiki, ndani ya katoni, amefungwa kwa kamba za mpira. Wengine walicheka, hasa mama mmoja wa kwaya yetu aliyejifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Siku ile nilikuwa nimevaa kikwembe kipya cha kitenge na nilikuwa mama wa bibi harusi, sikuwa na nafasi ya upuuzi.

Wakwe zetu ni watu wa Runingu, wakulima wa mpunga, watu wa heshima. Ng'ombe waliokubaliwa na ukoo wetu walikuwa wanachungwa huko juu, upande wa Mulenge, na wale wa kwanza walishuka vizuri kwa miguu yao, wakila mihogo ya watu njiani kama kawaida yao. Huyu wa mwisho alikosa njia. Milima ilikuwa imechafuka kwa bunduki, na kumtuma mtu akashushe ng'ombe ilikuwa sawa na kumtuma akatafute kifo. Ndipo mkwe wangu mwenyewe, kijana mpole anayependa vitu vya kisasa, akaleta wazo. Badala ya ng'ombe angetoa betri ya litiamu, ile kubwa ya kuwasha nyumba nzima, pamoja na plaki zake za jua, zile paneli za kuweka juu ya bati. Wazee wakakaa, wakabishana mpaka pombe ikaisha, wakakubali kwa sharti moja: betri hiyo iitwe ng'ombe na iwe ng'ombe kwa kila jambo.

Kwa kila jambo. Hayo maneno ndiyo yaliyotaka kuniulia watu.

Maana kwetu ng'ombe wa mahari si mali tu ya kufunga kamba. Wakwe wakija kukutembelea, wana haki ya kuuliza hali yake na kumwona kwa macho. Akiugua, wanaambiwa. Akifa, wanatangaziwa, na anayetangaza ni mwanaume wa ukoo, yule aliyempokea. Mwanamke hafungui mdomo kwa jambo hilo. Anaweza kumkamua, kumfagilia mavi, kumtafutia majani wakati wa kiangazi, lakini akifa, mwanamke ananyamaza mpaka mwanaume aseme amekufa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyepokea ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki kule Kavimvira karibu na mpaka. Alisimama, akaweka kiganja juu ya katoni, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Huyu ng'ombe hatakula shamba ya muntu, na hatakunya mu kiwanja. Tunashukuru sana."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Tukamweka saloni, chumba cha kupokelea wageni, ukutani, anatazamana na mlango ili kila anayeingia amwone kwanza yeye. Nikamfunika kitambaa cha kroshe nilichosuka mwenyewe. Sisi huku kitu cha thamani hakilali nje. Redio inalala ndani, baiskeli inalala ndani, hata mbuzi wengine wanalala ndani, na usiku mtu anasikia kila pumzi ya mali yake. Nani angeweka betri nje? Mwizi akimkamata ng'ombe wa kweli, atalia. Huyu wetu angebebwa kimya kama mtoto aliyelala.

Na sitawadanganya, nilimpenda. Umeme wa mji wetu unakuja kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakalii. Lakini ng'ombe wetu alishiba jua mchana na jioni akatupa mwanga bila kelele, bila harufu ya petroli. Konjeli yangu ya barafu ilikuwa inagandisha samaki wa mukeke mpaka wanagonga kama kuni. Majirani walileta simu zao kuchaji, wakakaa, wakaongea, na mimi nikajua habari zote za avenyu yetu bila kutoka mlangoni. Mume angekuwa hai angetembea kifua mbele.

Halafu ziwa likaja.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa na mtu kwamba Tanganyika imepanda. Tumeona ikila makaburi, ikila barabara, ikila nyumba za watu tuliosoma nao. Lakini siku ile mvua ilikuwa imepiga mlimani, mito ikashuka na matope, ziwa likasukuma kutoka mbele, na sisi tulikuwa katikati. Tukaokoa magodoro, sufuria, nguo, picha ya marehemu. Konjeli tukaipandisha juu ya meza. Ng'ombe alikuwa mzito kama mfuko wa simenti, amefungwa na nyaya zake, na maji yalikuwa yamefika magotini. Tukamwacha. Tulipanda kwa ndugu wanaokaa upande wa mlima, na tuliporudi, maji yakiwa yameshuka, tulimkuta amesimama palepale na kitambaa changu cha kroshe kichwani, na alama ya matope ilikuwa imempita kiuno.

Sasa niambieni, ni nani Uvira asiyejua kukausha kitu? Tunakausha ndagala, wale dagaa wetu, tunakausha mihogo, na baada ya maji yale pwani yote ilikuwa kiwanja cha kukaushia. Watu walianika Biblia, walianika diploma, walianika sofa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa shemeji alipofungua skrubu, akamtoa ng'ombe maji ya matope, akambeba na vijana wawili wa dukani kwake mpaka kwenye nyavu zangu za ndagala, akamlaza juani. Saa sita mimi nikapindua ndagala, yeye akampindua ng'ombe. Wapita njia wakaniuliza, "Mama, ng'ombe wako leo anaota jua?" Nikawajibu kwamba na wao wakiingia maji nitawaanika.

Nilicheka, ndiyo. Lakini nilikuwa nimempigia simu muuzaji aliyemuuzia mkwe wangu hiyo betri, nikamwuliza. Akasema: "Mama, kama maji ya matope iliingia ndani, hiyo iko maiti. Usiipe moto ya jua tena. Usiiweke mu nyumba. Weka mbali, fasi kavu, mbali na kila kintu. Inaweza kukaa kimya siku mingi, halafu siku moja inaamuka."

Nikamweleza shemeji. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Shemeji, ule anatafuta kuuza ingine! Weye haujue bafanyabiashara? Minye niko na betri kila siku. Betri inakunywaka maji! Minye mwenyewe naziwekeaka maji na mukono yangu. Hii imejikunywia yenyewe, imenipunguzia kazi."

Na hapo ndipo ulipo ujinga wetu, na ni ujinga wa mtu anayejua kazi yake. Betri za pikipiki anazouza yeye ni zile za asidi, na kweli zinaongezwa maji, kila fundi wa Kavimvira anajua hivyo. Akachukua ujuzi wa kitu kimoja akauvisha kingine. Nikamwambia, "Hii si ile." Akasema, "Betri ni betri." Mambo yakaishia hapo, kwa sababu yeye ni mwanaume wa ukoo na mimi ni muuza ndagala.

Vizuri. Muuza ndagala ana pua. Mimi sikusoma mambo ya umeme, lakini pua hii ndiyo iliyonisomeshea watoto. Naweka kiganja kimoja cha ndagala mbele ya uso wangu nakuambia amelala na mvua au amelala na jua, na kama amechanganywa na wa juzi. Siku ya tatu ya kukausha, nilipoinama kupindua samaki wangu, nikasikia harufu ambayo si ya samaki. Tamu. Harufu ya verni, ile rangi ambayo wasichana wanapaka kucha. Nikafuata pua yangu mpaka kwa ng'ombe. Nikaangalia kifuniko chake, kile shemeji alichokifunga sawasawa siku ya kwanza: upande mmoja ulikuwa umenyanyuka. Ndani kulikuwa kumevimba.

Sikumwuliza mtu. Nikawaita wapagazi wawili waliokuwa wanapita na mkokoteni, wakamchukua mpaka mwisho wa kiwanja, nyuma ya choo, penye mchanga mtupu, mbali na ukuta na mbali na mti. Nikamwekea bati juu kwa ajili ya mvua. Nikamwambia, kwa sauti, peke yangu kama mwenda wazimu: "Hapa utakaa. Ukitaka kuamka, amka."

Basi kungekuwa na amani, kama binti yangu asingekuja.

Alikuja na mtoto wake mchanga, uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo desturi: msichana akizaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake akakandwe, alishwe uji na supu, afundishwe kushika mtoto. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na mimi nilikuwa na furaha hata mgongo uliacha kuniuma. Vyumba vya nyuma bado vilikuwa na unyevu wa maji, kuta zinalia, hazifai kwa kifua cha mtoto. Kwa hiyo nikawatandikia saloni. Mtoto alikuwa na nywele nyingi na hasira za kwetu. Akilia, jirani wa tatu anasikia.

Hazikupita siku nyingi, habari ikatoka Runingu: wakwe wanakuja kumwona mjukuu. Jumamosi. Wanakuja na baba mkwe mwenyewe.

Shemeji akafika jioni hiyohiyo, hata hakukaa.

"Ng'ombe arudishwe mu fasi yake."

"Ng'ombe amekufa," nikasema.

"Nani amesema amekufa?"

"Pua yangu."

Akanitazama kama mtu anayetazama pikipiki isiyowaka. Akaanza kwa upole, akanikumbusha kwamba wakwe wataingia, wataangalia ukutani, watakuta pengo. Watauliza. Na yeye atajibu nini? Kwamba ng'ombe wao amelazwa nyuma ya choo? Nyuma ya choo, shemeji! Watasema tumewadharau. Watasema hawa watu wa ziwa hawajui kutunza. Na msichana wetu akirudi kule, kila siku atapigwa na hilo neno kichwani, bila fimbo.

"Basi waambie amekufa," nikasema. "Weye njo ulimupokea. Tangaza."

"Siwezi kutangaza ng'ombe muzima."

"Basi nitatangaza minye."

Akacheka, lakini safari hii bila kushika tumbo. "Weye mwanamuke, utatangaza ng'ombe ya mahari? Mbele ya bakwe? Uko na kichwa nguvu, shemeji, lakini hapo hautafika."

"Sikia vizuri," nikamwambia, na nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mule ndani kunalala mutoto. Kile kintu hakiingie fasi mutoto analala. Hakiingie leo, hakiingie Jumamosi, hakiingie hata bakwe bakikuja na askofu."

Akaondoka bila kuaga. Kesho yake wakaja wengine kunisihi, dada wa marehemu, halafu yule mama wa kwaya mwenye kikohozi. Mmoja akashauri tuweke katoni tupu, tuifunike kroshe, wakwe wasijue. Nikakataa na hilo. Mimi nauza ndagala kwa kipimo cha haki, sitaanza kuwauzia wakwe zangu katoni.

Lakini aliyenichoma ni binti yangu. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua macho.

"Mama, nakuomba. Ni siku moja tu. Watakuja, watakula, wataenda. Halafu mutaitoa. Minye njo nitarudi kule. Minye njo nitaishi nabo, si weye."

Loo. Alikuwa anasema kweli. Mimi ningebaki Uvira na ubishi wangu, yeye angerudi Runingu kupika katika jiko la mama mkwe. Nililia, sioni haya kusema, nililia jikoni nikisingizia vitunguu. Halafu nikarudi nikamjibu.

"Mwanangu, aibu haiue. Unaivaa, unatembea nayo, inachakaa. Mimi nimevaa nyingi. Lakini moto ukikushika umelala, hakuna kesho ya kuoneana haya."

Akageukia ukuta.

Jumamosi niliamka mapema kwenda kupokea mukeke kwa wavuvi, maana wakwe hawalishwi samaki wa jana. Kabla ya kutoka nilizunguka nyuma ya choo, ng'ombe alikuwa palepale chini ya bati. Nikamwachia binti yangu maagizo: mchele uchambuliwe, sombe ya majani ya mihogo itwangwe, na mtu asiingize kitu. Akasema ndiyo mama. Na mimi, kwa ujanja wangu wote wa soko, nikaiamini hiyo ndiyo.

Mitumbwi ilichelewa. Nilirudi jua likiwa utosini, beseni la mukeke kichwani, na nilipofika kwenye uzio nikaona taa ya barazani inawaka. Mchana. Inawaka kwa majivuno, kama mtu anayetaka kuonekana. Shemeji alikuwa amesimama chini yake na suti yake ya rangi ya kijivu, tai imemkaba.

"Unaona?" akaniambia kabla sijasalimia. "Tangu saa tatu iko nakunywa jua, na haijafa! Bakwe beko barabarani, bamenipigia simu. Usinipigie kelele leo, shemeji, nakuomba."

Sikumpigia kelele. Nilikuwa nimeshaisikia, hapo uani, katikati ya harufu ya sombe na mawese: ile verni. Nikaweka beseni chini, hapana, sikuweka, nililiachia tu, mukeke wakamwagika mchangani. Nikaingia.

Ng'ombe alikuwa ukutani, mahali pake, na kroshe yangu safi juu yake. Chini yake, kwenye godoro, umbali wa mkono, binti yangu amelala kwa uchovu wa uzazi na mtoto amelala kwapani mwake. Na chini ya kroshe kulikuwa na sauti. Tsss, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Kitambaa kilikuwa kinatoa mvuke mweupe.

Sijui nilisema nini. Binti yangu anasema niliita jina la baba yake. Ninachojua, mtoto alikuwa tayari kifuani kwangu na mkono wangu mwingine umemshika binti yangu nguo ya mgongoni, ninamburuta kama gunia, yeye anapiga kelele kwamba ninamuumiza, na mimi ninamburuta tu. Tulivuka mlango, tukavuka baraza, tukavuka uani, sikusimama mpaka kwenye uzio, upande ambao upepo unatoka. Hapo ndipo nyuma yetu kukapasuka. Pah! Halafu pah, pah, na moshi ukatoka mlangoni, mweupe kwanza halafu mweusi, mnene, unakwenda chini chini kama unatafuta mtu.

Shemeji akakimbilia mlangoni. Ndani, si nje! Nikamkabidhi binti mtoto wake nikamfuata, nikamkuta kwenye ngazi ya baraza, nikamkamata koti.

"Ng'ombe! Ng'ombe anaungua!"

"Acha aungue!"

"Niache, nitaitoa!"

"Utaitoa na mukono gani? Rudi! Ule moshi si ya kuni, ukiuvuta unalala palepale!"

Alikuwa na nguvu kunizidi, lakini koti la suti ni kitu kizuri, lina mikono mirefu. Nikamvuta mpaka mshono wa bega ukaachia, akaanguka kitako mchangani, na mimi juu yake. Hapo dirisha la saloni likapasuka na ulimi wa moto ukatoka pale ambapo kichwa chake kingekuwa. Akautazama. Hakujaribu kusimama tena.

Majirani wakaja na ndoo, na ziwa liko karibu, hilo angalau lilitusaidia. Wakamwaga maji kupitia dirishani, kwa mbali, wamejifunga vikwembe vilivyolowana puani. Moto ukafa. Watu wakashangilia. Ukawaka tena wenyewe. Wakamwaga tena, ukafa, na tulipofuta jasho ukawaka tena. Muuzaji alikuwa ameniambia maiti hii huamka, sikujua kwamba huamka mara nyingi hivyo. Viti vyangu vikaenda, pazia likaenda, godoro ambalo walikuwa wamelala likawa majivu yenye springi. Matofali na bati vikabaki.

Na wakwe wakafika katikati ya hayo.

Walikuwa wamependeza, Mungu wangu, walikuwa wamependeza. Wanawake wamevaa kikwembe cha aina moja, kikapu cha mchele kichwani, kuku wawili mikononi. Baba mkwe mbele, kofia yake, fimbo yake. Wakasimama kwenye uzio. Kuku tu ndio waliokuwa wanaongea.

Shemeji akainuka. Bega la suti linaning'inia, uso umejaa masizi. Akavuta tai yake mahali pake, akasema:

"Karibuni, bakwe. Kuko kashida kadogo."

Kashida kadogo! Moshi ulikuwa unaonekana mpaka Burundi.

Baba mkwe akaangalia nyumba, akaangalia ndoo. Ni mzee asiye na haraka. "Ile inaungua ni nini?" akauliza.

Shemeji akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, na nikaona kwamba anatafuta neno la kuuficha moto, na kwamba atalitafuta mpaka kesho. Binti yangu alikuwa amekaa chini, na mtoto alikuwa analia ile hasira yetu. Nikamchukua mtoto. Nikaenda nikasimama mbele ya mzee, karibu kuliko mwanamke anavyoruhusiwa kumsogelea mkwe, miguu mitupu, kikwembe kimoja kimefunguka, nanuka mukeke na moshi.

"Bakwe zetu," nikasema, "ng'ombe amekufa. Alikufa siku ile ziwa liliingia. Leo alikuwa anataka kuondoka na batu."

Mzee akanitazama. "Ni nani anatangaza?"

"Minye."

"Mwanaume wa nyumba hii iko wapi?"

"Ule pale, wa koti ya kupasuka. Ni mimi nilimutoa ku moto, na ni mimi natangaza. Mukitaka kukasirika, mukasirike na minye, musimukasirikie mutoto wangu, hakuamua kintu. Ng'ombe yenu njo ile inaungua. Mujukuu wenu njo huyu anapumua. Muchague ule mutalilia."

Nikasikia mtu nyuma yangu akisema "Yesu." Nadhani ni yule wa kwaya.

Aliyejibu ni mke wake. Alimpa mtu kuku wake, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akakaa chini kwenye mchanga na nguo yake mpya yote. Akamvua mtoto kila kitu. Akamwangalia vidole vya miguu kimoja kimoja, magoti, mgongo, masikio. Akaweka pua kwenye nywele zake.

"Ananuka moshi," akasema.

"Ananuka," nikasema. "Haungui."

Akamfunga kwa kikwembe chake mwenyewe, akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, na tukaenda kuokota mukeke mchangani, yeye na mimi, kwa sababu wageni walikuwa bado hawajala.

Mambo hayakuisha vizuri kama kanisani. Wazee wa pande zote mbili wameshakaa vikao juu ya kifo cha ng'ombe, kama ni cha ziwa, cha shemeji, au cha mdomo wangu, na bado wanakaa. Shemeji ananisalimia huku anaangalia pembeni. Dukani kwake amekataa kabisa kuuza betri ya litiamu, lakini hajawahi kusema kwa nini. Binti yangu alininunia mpaka siku ya kurudi Runingu, halafu mwezi uliofuata akanipigia simu, akaniambia mume wake amenunua betri nyingine, ndogo, na kwamba amemwambia kama haijengewi kibanda cha matofali, mbali na chumba cha kulala, yeye na mtoto wanarudi Uvira. Nikamwuliza amejifunza wapi kusema hivyo na wanaume. Akasema, mama, acha utani.

Na mimi nawaambia wanawake sokoni kila ninapowakuta na betri juu ya nyavu: ndagala anakaushwa, godoro linakaushwa, hiyo hapana. Wengine wanasikia. Wengine wananiita mwanamke aliyetangaza ng'ombe, hata watoto wa avenyu wanajua hilo jina.

Waniite. Mtoto ameota meno mawili, na juzi walipokuja kunisalimia alinipa busu, akaniuma shavu mpaka damu ikatoka.